Penseli ndiyo iliyoanza

Kanuni za maonyesho zilijaa kurasa mbili, na ya kwanza kabisa, kwa herufi nzito, ilisema kazi yoyote iliyokatwa kwa leza au kwa mashine inayoongozwa na kompyuta haitatundikwa ukutani. Kuhusu mchoro umetoka wapi, nani kauchora, kama umenunuliwa, kama umechapwa kutoka kwenye faili la mtu mwingine ukabandikwa juu ya karatasi nyeusi na kufuatwa kwa wembe mstari baada ya mstari, kanuni zilikaa kimya. Nimerudi kutoka kwenye mkutano wa wakata karatasi ulioandaa maonyesho hayo, huko Uswisi, nikiwa na hasira na kanuni hiyo moja, na toleo hili limepangwa na mtu mwenye hasira. Afadhali msomaji ajue mapema.

Sina nia ya kufufua ugomvi wa mkono na mashine. Tumeshauchapa katika kurasa hizi mara nyingi kuliko ulivyostahili, na barua zinazofuata huwa zilezile: wenye mikono wanalia, wenye mashine wanacheka. Ninachodai ni kwamba ugomvi wenyewe umemkosea mshitakiwa. Kilichoibiwa katika sanaa yetu kiliibiwa kabla ya leza kuwapo, tangu fundi alipoanza kuchora kila kitu nyuma ya karatasi kwa penseli, mpaka kope za ndege, kisha akainama kuufuata mchoro wake mwenyewe. Tangu hapo uamuzi wote ulihamia kwenye penseli, na wembe ukabaki na kazi ya kutii. Mkono unaotii tu ni leza ya polepole. Leza halisi ilipowasili, ilikuta kutii ndiko kulikobaki, ikakufanya kwa kasi zaidi na bila kuumwa mgongo.

Ushahidi ulikuwa ukutani, chini ya fremu. Kazi nyingi zilikuwa na kibandiko kidogo kinachotaja idadi ya saa alizotumia msanii. Si karatasi gani, si mkunjo gani, si kwa nini mti ule umeinama kushoto. Saa. Wageni nao walipokuwa wakipita na bilauri zao waliuliza hilohilo: ilikuchukua muda gani? Na mafundi, watu wazima wenye vipaji, wakajibu kwa fahari. Mtu akishaanza kuuza saa zake, asishangae mashine inapomshinda bei.

Siku ya matembezi tulipelekwa Château-d'Œx, kwenye jumba la makumbusho la Pays-d'Enhaut, kumtazama Johann Jakob Hauswirth. Wasomaji wetu wanamjua: kibarua na mchoma makaa, aliyezaliwa 1809 na kufa 1871, akitembea shamba hadi shamba milimani na kulipia chakula na malazi kwa karatasi zake. Husimuliwa kwamba vidole vyake vilikuwa vinene hata havikuingia kwenye matundu ya mkasi, akaufungia mkasi vitanzi vya waya. Wenzangu waliinama mbele ya vioo wakisifu usahihi. Usahihi! Mimi niliona mtu mwenye mkasi usiomwenea, karatasi aliyoiokota popote alipoipata, na mwenye nyumba anayesubiri. Karatasi inakunjwa, upande mmoja unakatwa, wa pili unajitokea wenyewe. Nusu ya picha inaamuliwa na mkunjo, na nusu nyingine inaamuliwa hapohapo, kwenye ncha ya chuma. Ukimpima Hauswirth kwa usahihi umempima kwa kitu ambacho leza inacho kwa wingi, na kwa kipimo hicho atashindwa, jambo ambalo halina maana yoyote.

Wala si yeye peke yake. Wanawake wa Kurpie na Łowicz, Poland, walizikata leluja, yaani miti yao ya karatasi, na majogoo yao kwa mikasi mikubwa ya kunyolea kondoo, chombo ambacho hakuna hata mmoja wetu angekigusa leo. Hans Christian Andersen alikuwa akikata huku anasimulia hadithi, na karatasi ilikunjuliwa hadithi inapoisha, watoto wakaona kilichokuwa kikitendeka mikononi mwake muda wote. Mary Delany alianza vielelezo vyake vya maua ya karatasi akiwa na miaka 72, mwaka 1772, akafikisha karibu elfu moja, ua lenyewe likiwa mezani mbele yake. Lotte Reiniger alikata kwa mkasi, bila kuchora, kwa kasi iliyowashangaza waliomwona, na kutokana na mkasi huo ikatoka mwaka 1926 filamu ya Mwanamfalme Achmed, iliyochota kwenye Alfu Lela Ulela. (Adui katika filamu hiyo anaitwa mchawi wa Kiafrika. Hilo nalo lina toleo lake, na tutalifikia.)

Kwetu pwani hatuhitaji kwenda Odense kwa Andersen wala Berlin kwa Reiniger kulielewa jambo hili. Mpambaji anapokishika kiganja cha bibi harusi, hachori kwanza. Anaishika koni ya hina, anaweka nukta, na kutoka kwenye nukta hiyo anaamua. Mkono uliopo mbele yake una mifupa yake, mistari yake, kovu la kisu cha jikoni, na ua linazunguka pale linapoweza kuzunguka. Hina ikishashika haifutiki. Siku hizi dukani zipo stika za plastiki zenye maua tayari: unabandika, unapaka, unabandua, na maharusi watatu wa wiki moja wanatoka na kiganja kimoja. Hakuna anayedai stika zile ni mashine. Ni plastiki tu, na aliyepaka ni mtu, kwa mkono. Lakini muulize mama yeyote wa Mji wa Kale, Mombasa, kama aliyepaka kwa stika ni mpambaji, usikie atakavyokujibu. Ndiyo maana nimeomba makala kwa mpambaji, si kwa mkata karatasi, na ndiyo makala ninayoipenda zaidi katika toleo hili. Aya yake kuhusu namna ya kuligeuza ua lililokosewa likawa jani, bila bibi harusi kujua, ina elimu kuliko semina zote nilizokaa Uswisi.

Sasa Moses Williams, ambaye nitampa nafasi isiyo ya haki.

Alizaliwa utumwani, akakulia katika nyumba ya Charles Willson Peale, mchoraji na mwenye makumbusho mashuhuri ya Philadelphia. Wana wa Peale walifundishwa kupaka rangi. Williams akapewa mkasi. Aliachwa huru mwaka 1802, na wakati huohuo ikaingia katika makumbusho ile mashine ya John Isaac Hawkins ya kunakili nyuso. Mgeni anaketi akitazama upande, kijiti kinapita kwenye ukingo wa uso wake kuanzia paji hadi shingoni, na mkono wa pili wa mashine unauchora mstari uleule, ukiwa mdogo, kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili. Kisha Williams anakata, na kwa mkato mmoja zinatoka nakala nne. Kichwa chenyewe hudondoka. Kinachobaki ni karatasi nyeupe yenye tundu la umbo la uso, ambalo huwekewa kitu cheusi kwa nyuma. Bei ilikuwa senti 8, na kwa hesabu ya Peale mwenyewe, katika mwaka wa kwanza zilikatwa zaidi ya picha 8,000. Karatasi iligandamizwa muhuri wa makumbusho. Jina la mkataji halikuwekwa popote.

Tazama jinsi kila kitu hapo kinavyodai utii: mtu aliyekuwa mali ya mtu jana, mstari uliokwisha kuchorwa na mashine, bei ya chini, foleni mlangoni, muhuri wa mwingine. Kwa kanuni za Uswisi kazi hizo zingetundikwa bila swali, kwa kuwa chombo kilichokata ni mkasi na kompyuta haikuwapo. Lakini ipo picha moja iliyohifadhiwa Library Company of Philadelphia, picha ya Moses Williams mwenyewe, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya Raphaelle Peale, mmoja wa wana wa bwana. Mwanahistoria wa sanaa Gwendolyn DuBois Shaw aliichunguza karatasi hiyo akaona kwamba mstari wa mashine na mstari wa mkasi haifuatani kila mahali. Kwenye nywele, mkasi umeuacha mstari ukashika njia yake. Shaw anaona aliyekata ni Williams mwenyewe, na kwamba aliamua mwenyewe nywele zake zionekane vipi. Wapo watakaobisha, na wabishe. Mimi naitazama ile nafasi nyembamba baina ya mistari miwili na kuona ndani yake kila ninachotaka kusema. Mashine imesema lake, mkono umelisikia, mkono haukukubali.

Kwa hiyo nikiambiwa swali ni mashine au mkono, nasema hapana. Williams alikuwa na mashine mbele yake kila siku ya kazi. Swali ni kama kuna mahali, hata pa upana wa unywele, ambapo anayekata angeweza kwenda kwingine na akaamua.

Najua pingamizi zinakotoka, nami nitaanza na lile rahisi. Katika mji wa Suzuka, mkoani Mie, Japani, mafundi wa Ise-katagami hukata karatasi ngumu iliyoshindiliwa kwa maji ya tunda la persimoni, tabaka juu ya tabaka, na kisu hufuata mchoro kwa unyenyekevu uliokamilika. Wametii hivyo kwa karne kadhaa, na mwaka 1955 serikali yao iliwatambua mabingwa wa kazi hiyo kuwa hazina ya taifa. Sikatai hata neno moja. Lakini karatasi ile haikukatwa itazamwe. Ni kifaa cha kutilia ruwaza kwenye kitambaa cha kimono, na sanaa inayotazamwa iko kwenye kitambaa. Tunapokiweka kifaa ndani ya fremu na kukisujudia, tunajifunza kutoka kwake jambo ambalo mwenyewe hakutufundisha.

San Salvador Huixcolotla, jimboni Puebla, Meksiko, ni pingamizi zuri zaidi. Pale hakuna mkasi. Ni patasi na nyundo juu ya rundo la karatasi za shashi, makumi kwa pigo moja, kwa kufuata kiolezo kilichowekwa juu. Zinatoka bendera zenye matundu za kutundikwa barabarani siku ya wafu na siku ya harusi, zipigwe na upepo mpaka zichanike. Jimbo liliitangaza kazi hiyo urithi wake mwaka 1998. Kiolezo kipo, utii upo, wingi upo. Walakini yeyote atakayesoma makala ya uwandani kuhusu mji huo katika toleo hili ataona kwamba mafundi wale hawajidai kuwa kila bendera ni uamuzi. Uamuzi wao uko kwenye kiolezo, wanauita kwa jina lake, na kinachobaki ni sherehe. Hawaandiki saa chini ya bendera. Ningependa wakata karatasi wa Ulaya wawe waaminifu hivyo.

Pingamizi linaloniuma ni Kara Walker. Huchora. Huchora kwa chaki au penseli nyeupe ya mafuta kwenye karatasi nyeusi, kisha hukata kwa kisu, na tangu alipojitokeza New York mwaka 1994 kwa ukuta mzima wa vivuli vya watumwa na mabwana, hakuna aliyeitikisa sanaa hii zaidi yake. Jibu langu, ambalo mhariri msaidizi analiita ujanja, ni hili: penseli ya Walker haifuatwi, inatolewa kafara. Akishakata, kila alichokichora ndani ya umbo, macho, mikunjo ya nguo, kicheko, kinapotea kwenye weusi, na mtazamaji anabaki na ukingo peke yake alazimike kujaza mwenyewe, na aone aibu kwa alichojaza. Mkato pale unafanya kazi ambayo mchoro haukuweza. Wangapi kati ya wale waliotundika misitu yao ya kope na manyoya wanaweza kusema hivyo?

Mkutanoni nilipendekeza kipindi cha saa moja: meza ndefu, mikasi, karatasi, penseli zibaki mfukoni. Wenyeji walikubali kwa ule upole wa kulikubali jambo na kulipangia saa tatu usiku, wakati basi la kurudi hotelini linaondoka saa tatu na nusu. Walikuja wachache. Fundi mmoja ambaye kazi zake zilijaza ukuta mzima wa ghorofa ya chini alishika mkasi, akaigeuza karatasi mara kadhaa, akasema hajui aanzie wapi, akaenda kupanda basi. Waliobaki walikata, na nisidanganye, kazi nyingi zilikuwa mbaya. Palikuwa na majogoo ambao shingo ziliwazidi mwili. Palikuwa na mti uliotoka vipande viwili kwa sababu mwenyewe alisahau ni upande upi wa mkunjo unaoshika. Lakini walikuwa wanazungumza. Mchana kutwa watu haohao walitembea kimya mbele ya vioo kama wako msibani; usiku ule walikuwa wanacheka na kuibiana mbinu.

Aliyetuaibisha wote alikuwa kijana ambaye kazi zake za leza zilikataliwa kwa ile kanuni ya kwanza. Alikunja karatasi mara tatu, akakata bila kusita, akakunjua: duara la wachuuzi na mizigo yao vichwani, wamesimama imara, hakuna kilichodondoka ila alichotaka kidondoke. Nadharia yangu haikumtarajia. Nilipomuuliza, alieleza kwamba kwenye leza kila umbo lisiloshikwa na kiungo huangukia chini ya mashine, kwa hiyo kazi yake ya kila siku ni kufikiria viungo: nini kimeshika nini, na kikitoka hiki, kipi kitafuata. Wafuataji wa mistari walikuwa wameiachia penseli suala hilo. Yeye hakuwa na kitu cha kukiachia.

Nilimwomba aandike, na makala yake ndiyo inayofungua toleo. Anadai uamuzi unaofanyika kwenye skrini una uzito sawasawa na ule unaofanyika kwenye ncha ya mkasi. Sikubali, na nimemwambia. Skrini ina kitufe cha kurudi nyuma. Anayejua kwamba anaweza kurudi huamua kwa moyo mwingine kabisa. Lakini hoja yake kwamba kanuni ile inamwadhibu anayefikiri na kumzawadia anayenakili, hiyo naitia sahihi kwa mikono miwili.

Yaliyosalia kwa kifupi. Makala ya unyevu wa pwani na karatasi inayovimba ndani ya fremu ni ya manufaa, isomwe kabla ya masika. Ya China, ambayo UNESCO iliiorodhesha sanaa yake ya kukata karatasi mwaka 2009, inaanzia enzi za kale na inafika leo kwa maneno mengi kuliko tulivyoagiza. Wenye haraka waende moja kwa moja kwenye sehemu ya Yuxian, Hebei, ambako hukata kwa kisu na kutia rangi. Mahojiano na mwalimu wa msingi wa Dodoma anayepamba ukumbi wa mahafali kwa karatasi za rangi na mkasi wa darasani yamewekwa mwishoni kwa sababu za nafasi tu, na nimelalamika. Mapitio ya vitabu yapo.

Kuanzia toleo lijalo, kazi inayoletwa kwenye ukurasa wetu wa wasomaji haitaulizwa imekatwa kwa chombo gani. Leteni ya leza, ya wembe, ya patasi, ya mkasi wa kondoo mkiupata. Fomu itakuwa na swali moja: mstari uliamuliwa wapi, na nani aliuamua. Anayefuata mchoro wa mwingine aandike jina la mwingine. Anayefuata mchoro wake aseme hivyo bila haya. Saa msitutajie, hatutazichapa.

Mhariri msaidizi amekataa kutia jina lake chini ya neno hili. Anaona nimemwonea penseli, nimempendelea Moses Williams, na nimemkwepa Kara Walker. Jibu lake liko ukurasa wa pili kutoka mwisho, na limeandikwa vizuri kuliko nilivyotaka.